Mto Uliopanda Kilima

Ripoti ilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, na mashine iliamua kununa ilipofika ukurasa wa mia na tisa. Mama Fotokopi hakushangaa. Mashine ile aliijua kuliko alivyowajua baadhi ya mashemeji zake. Alifungua ubavu wake, akavuta karatasi iliyojikunja ndani, akapuliza vumbi la wino, akafunga kwa kofi moja la haja. Mashine ikaguna, ikaendelea kutema karatasi.

Miaka kumi na sita alikuwa kwenye chumba kile, mlango wa pili kutoka posta, akinakili vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za kuomba kazi na barua za kuachishwa kazi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho chake tu. Mji mzima ulimwita kwa jina la mashine, naye aliitika bila kinyongo. Lakini kazi ya Jumatatu ile haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya kwao.

Tume ya ardhi iliwapa watu wa kilima nakala moja, moja tu, ya ripoti ya kampuni ya saruji, ikawaambia wajiandae kwa kikao cha Alhamisi. Kampuni ilitaka kilima. Haikutaka kukilima wala kukipanda miti. Ilitaka kukipasua kwa baruti kuanzia juu, kukisaga, na kukitia kwenye mifuko ya karatasi. Tume ikikubali, leseni ingetoka siku hiyo hiyo. Wazee wa ukoo walitaka nakala saba wagawane kusoma, na nani wa kuwanakilia kama si binti yao?

Kileleni mwa kilima pana mahali pao. Watu wa kilima hawapataji, hawapanyooshei kidole, na mgeni akiuliza kuna nini huko juu, huambiwa kuna nyoka. Babu zao walisema nyoka, wao wanasema nyoka, na watoto wao wa shule za mjini, wenye simu mkononi, ukiwauliza watakukazia macho na kusema nyoka. Usiri huo ndio uliokuwa ukuta wao, na ulifanya kazi vizuri mno. Ulifanya kazi vizuri mpaka ukawafungia nje wenyewe.

Miaka thelathini na moja iliyopita, serikali ilimtuma mpima ardhi azunguke akiandika mahali patakatifu pa kila jamii ili palindwe. Alikuwa mtu mwema, mwenye kofia ya majani na nia safi. Wazee wakampa mtu wa kumwongoza, msichana mkunga wa zahanati aliyejua kusoma na kuandika. Msichana akampeleka moja kwa moja chini kabisa, upande wa mashariki, mpaka kwenye kichuguu kikubwa. Akapiga magoti mbele ya kichuguu. Akalia machozi ya kweli, ya chumvi, mpaka mpima ardhi wa watu akavua kofia. Kisha akachora ramani yake, akaandika maelezo, na msichana akatia sahihi nzuri ya darasani.

Mkunga huyo ndiye Shangazi, dada wa baba yake Mama Fotokopi. Kwa kichuguu kile alipata sifa ambayo wengine hawapati hata kwa kuzaa mapacha. Kwa miaka yote hiyo, watu wa ukoo wakikutana watatu tu, lazima mmoja aigize jinsi Shangazi alivyopenga kamasi mbele ya mchwa, na wenzake wavunjike mbavu.

Sasa kicheko kiliwakwama kooni. Ukurasa wa tatu wa ripoti ulisema kwamba kampuni, kwa heshima kubwa kwa mila za wenyeji, itakizungushia kichuguu uzio wa chuma, itajenga njia ya saruji ya kukifikia, na itaweka kibao. Kilima kilichobaki kitachimbwa, kwa kuwa wenyeji wenyewe walithibitisha kwa sahihi kwamba hakina kitu.

"Aende akaifute," walisema wazee. "Aliyetia sahihi ndiye wa kuifuta."

"Siendi," alisema Shangazi.

Aliishi kwenye chumba cha nyuma ya duka. Magoti yalikuwa yamemchoka, na muda mwingi alikaa kwenye kiti cha mbao, miguu imepandishwa juu ya boksi la karatasi, redio ikimpigia kelele sikioni. Kuogopa hakuogopa. Mtu aliyezalisha wanawake wa vijiji vinne haogopi maikrofoni.

"Kusema nilidanganya si tatizo," alimwambia Mama Fotokopi asubuhi hiyo. "Nilidanganya, tena vizuri. Lakini wataniuliza, kama si pale, ni wapi? Na huko kuna nini? Hapo nitasema nini, mwanangu? Nikapaanike mbele ya kila mwenye masikio? Bibi yangu hakusema. Mama yangu hakusema. Niwe mimi?"

"Na tukinyamaza, Shangazi, Ijumaa wanakuja na baruti."

Shangazi aliongeza sauti ya redio. Ndivyo alivyokuwa akifunga mjadala.

Basi Mama Fotokopi alirudi kwenye mashine na hasira zake. Alikuwa na tabia mbaya ya kusoma anachonakili, tabia iliyomfanya ajue mambo ya mji kuliko karani wa mahakama. Ripoti nyingi hazina utamu, na hii haikuwa na utamu hata kidogo: majedwali ya vumbi, majedwali ya mvua, idadi ya malori kwa siku. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne ulitoka ukiwa bado wa moto, akausoma akiwa ameushika kwa ncha za vidole.

Ulihusu shimo la majaribio namba nne, kileleni. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu kampuni ipewe kibali cha utafiti na kuweka walinzi chini, mwanzo wa njia. Watu wa kilima walijua kuna wapimaji huko juu. Hawakujua kwamba wamechimba. Mtaalamu wa miamba wa kampuni aliandika kuwa shimo lilikwenda chini mita mbili na nusu, na kwamba kote huko alikuta mawe laini ya mviringo, mawe ya mtoni, yamelaliana tabaka juu ya tabaka. Hitimisho lake: zamani sana mto ulipita juu ya kilima hiki. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, aliongeza kwamba mawe hayo yanalingana ukubwa kwa namna asiyoweza kuieleza, maana hakuna hata moja lililozidi kujaa kiganja kimoja cha mtu mzima.

Mama Fotokopi alikaa chini. Hakukuwa na kiti karibu, akakaa sakafuni, kati ya mashine na kabati la karatasi.

Mtoto wa watu wa kilima akishakaza shingo, mama yake hushuka naye mtoni asubuhi, huchagua jiwe moja, kisha hupanda. Mkono wa kushoto mtoto, mkono wa kulia jiwe, wala haruhusiwi kubadilisha wala kusaidiwa. Akifika juu huliweka jiwe pamoja na mengine, huwatajia waliotangulia jina la mtoto, hushuka. Basi. Hakuna ngoma, hakuna hotuba. Mama Fotokopi alikuwa amepanda mara tatu. Mara ya tatu njia ilikuwa na utelezi, akaanguka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, alitua kwa kidevu. Kovu analo mpaka leo, na mtu akimuuliza husema aligonga mlango.

Mita mbili na nusu. Jiwe la kiganja juu ya jiwe la kiganja. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, na mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akauliza kama arudi kesho.

"Wametuita mto," Mama Fotokopi alimwambia, akijifuta macho kwa mkono wenye wino. Mteja akaona kweli ni bora arudi kesho.

Alikwenda chumba cha nyuma na karatasi mkononi. "Shangazi, wamechimba."

"Wapi?"

"Juu."

Shangazi alizima redio mwenyewe. Hilo pekee lilimtisha Mama Fotokopi kuliko matusi. Akamsomea ukurasa wote, taratibu, mpaka herufi ndogo za chini. Alitegemea ghadhabu, na ghadhabu ilikuja. Mishipa ya shingo ilimsimama yule mama, akawatukana wachimbaji, wachoraji, na waliowapa koleo. Halafu akauliza:

"Mita mbili na nusu ni kiasi gani?"

Mama Fotokopi alitazama huku na huku, akaonyesha mlango. "Kutoka sakafuni mpaka juu ya fremu. Halafu ongeza urefu wa mkono wako."

Shangazi aliutazama mlango kuanzia chini kwenda juu, polepole. Alikuwa amepanda na wanawake wengi, akiwatangulia njiani kuwaonyesha pa kukanyaga, lakini alichokiona miaka yote ni yale mawe ya juu tu. Hakuna aliyewahi kutazama chini yake. Nani angethubutu?

"Sikujua tuko wengi hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. Kisha akashusha miguu kutoka kwenye boksi. "Nitafutie vile viatu vyangu vyeupe vya zahanati."

Alhamisi, ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka madirishani. Feni moja ilizunguka, nyingine ilipumzika. Watu wa kilima walikaa nyuma kwenye viti vya plastiki, na mbele, mezani, walikaa mwenyekiti wa tume, mama mnene wa makamo mwenye kalamu tatu mbele yake, wakili wa kampuni, na yule mtaalamu wa miamba. Huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa. Shangazi alimwangalia mara moja tu, akambatiza Miwani.

Wakili hakupoteza muda. Aliinua ramani ya zamani ndani ya karatasi ya plastiki.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Siku hizi mkono unatetemeka, lakini enzi hizo, hebu iangalie, si nzuri?"

"Na maelezo haya ulitoa wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ni ya kweli?"

"Hapana. Nilidanganya."

Ukumbi ulivuma. Neno lilikuwa limeshatoka na halirudi, na wazee wa ukoo waliokuwa mbele yake waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano.

Wakili alitabasamu. Alikuwa amepata alichotaka, tena mapema. "Mama, ulimdanganya mtumishi wa serikali. Uliapa?"

"Sikuapishwa, baba. Nililia tu."

Watu walicheka, na mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu mojawapo, ingawa naye alikuwa amebana midomo.

"Basi niambie," wakili alisema, "ikiwa siku ile ulidanganya, leo tukuamini kwa lipi?"

"Usiniamini," Shangazi alisema. "Mimi ni mwongo, umeshaniandika. Muamini wa kwenu." Akageuza shingo. "Mwanangu, soma."

Mama Fotokopi alisimama. Alikuwa amezoea kusikia sauti ya mashine kuliko yake mwenyewe, na maneno ya kwanza yalitoka makavu. Lakini alipofika kwenye mawe, tabaka juu ya tabaka, sauti ilimjia, ikajaa ukumbi bila maikrofoni. Alisoma mpaka mwisho, pamoja na herufi ndogo. Wakili alimgeukia mtaalamu wake, akapandisha mabega. Mto wa kale, una shida gani?

"Mama mwenyekiti," alisema Shangazi, "naomba nimuulize huyu mwanangu maneno mawili."

Mwenyekiti aliruhusu. Kijana akasimama.

"Miwani, huo mto ulitokea wapi mpaka ukapita juu ya kilima?"

Kijana alisita. "Sikupata jibu, mama. Hakuna mlima mwingine karibu ulio juu zaidi. Na mwamba wenyewe wa kilima ni chokaa, mawe yale si ya hapo. Nilijiuliza sana."

"Na kwa nini yanalingana?"

"Hilo nalo nilijiuliza. Ndiyo maana nikaandika kule chini."

"Uliandika kiganja."

"Ndiyo."

"Kimoja au viwili?"

"Kimoja, mama."

Shangazi aliweka fimbo yake kando, akasimama wima juu ya magoti yale mabovu. Akakunja mkono wa kushoto kifuani, kiwiko kimebana ubavuni, kichwa kimeinama kidogo upande huo. Kila aliyewahi kushika mtoto mchanga aliuona uzito wake. Kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja kimefunguka juu, kitupu.

"Kimoja," alisema, "kwa sababu huu mwingine una mtoto."

Hakupataja mahali, hakupanyooshea kidole. Alibaki amesimama hivyo hivyo, na nyuma yake, kiti kimoja cha plastiki kililia, kisha kingine. Mama Fotokopi aligeuka. Wanawake wa kilima walikuwa wanasimama mmoja mmoja, wauza mboga, walimu, mfagizi wa benki, wasichana waliojifungua juzi, kila mmoja na mkono wa kushoto umekunjwa na wa kulia umenyooshwa. Naye akaweka ripoti chini, akakunja wake. Alikuwa hajawahi kujivunia kuzaliwa mahali fulani; ni jambo alilolichukulia tu kama urefu wake au rangi ya macho. Pale ukumbini lilimjaa kifuani.

Kijana alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alitazama viganja vile vyote.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "naomba kufuta maelezo yangu ya ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Hakukuwa na mto."

"Kaa chini," wakili alimnong'oneza.

"Sikai. Nilikuwa nimesimama ndani yao, mpaka juu ya kichwa, nikaandika mto." "Kwa unene ule, sijui hata nianzie wapi kuhesabu. Walikuwepo hapa kabla ya mji. Kabla ya njia ya kuja mjini."

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Leseni ilikataliwa. Ramani ya zamani ilifutwa, na kilima chote, kuanzia mtoni mpaka kileleni, kikaandikwa kuwa ni cha watu wa kilima na si cha kuguswa. Kampuni iliamriwa kurudisha kila jiwe ililolitoa.

Mengi yalikuwa yamerundikwa pembeni ya shimo, na hayo yalirudishwa kwanza. Lakini mia sita na ushee yalikuwa yamechukuliwa maabara ya mjini, na yalirudi kwa lori mpaka ukingo wa mto, ndani ya magunia. Kila moja lilikuwa limebandikwa karatasi ndogo.

"Wamewapa namba," alisema Shangazi. Akainama kwa shida, akalitia la kwanza majini, na kuisugua ile karatasi kwa kucha mpaka ikatoka. Wengine wakafuata. Dereva wa lori, kwa wema wake, alisema kuna njia ya nyuma, anaweza kuyapandisha mpaka karibu na juu kwa nusu saa. Alishukuriwa, akaambiwa ageuze gari.

Walikuja watu wa kilima kutoka kila walikotawanyikia, zaidi ya mia mbili, wengine na viatu vya ofisini. Kila mtu alichukua jiwe moja kwa mkono wa kulia na kukunja wa kushoto, hata wanaume, ambao hawakuwahi kupanda hivyo maishani mwao. Mwanzoni walitaniana, wakiulizana mtoto ananyonya vizuri. Njia ilipoanza kuwa kali utani uliisha, na hakuna aliyeshusha mkono.

Walipofika juu, mbele ya shimo, msafara ulisimama. Jiwe huwekwa kwa jina. Haya yalikuwa ya nani? Ya vitukuu au ya mabibi wa mabibi, ya waliokufa wadogo au waliozeeka, hakuna aliyejua, na namba za maabara zisingesaidia. Watu walimtazama Shangazi, aliyefika wa mwisho akihema, jiwe lake mkononi, fimbo ameiacha chini kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishikia.

Hakufikiri sana. Alishuka ukingoni mwa shimo kwa makalio, bila kujali gauni, akaliweka jiwe lake.

"Wa kwetu," aliwaambia waliotangulia.

Yakafuata mengine, na sauti zikafuata, nzito na nyembamba, "Wa kwetu, wa kwetu," asubuhi nzima. Zamu ya Mama Fotokopi ilipofika, aliliweka lake katikati ya wenzake, akalisukuma kidogo likae vizuri, akasema, "Wa kwetu," kisha akajipangusa mikono, akashuka mtoni kumchukua mwingine.